Bibi Afya na Njia Isiyogusa Lami

Sijui alizaliwa wapi, na kwa miaka yote niliyoendesha baiskeli nyuma yake sikuwahi kumuuliza. Nilichojua ni kazi yake. Kabla hajastaafu alikuwa bibi afya, mtumishi anayekagua vyoo, visima na majiko ya mama ntilie, na jina la kazi lilimganda hata kazi ilipokwisha. Watoto wa mtaani kwake walimwita Bibi Afya. Mchungaji wa kanisa lake alimwita Bibi Afya hata kwenye matangazo ya Jumapili. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Mimi nauza dawa za mifugo mjini Shinyanga. Kusoma ramani nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na uvumilivu, na nilianza kupanda baiskeli baada ya sukari yangu kupanda na daktari kuniambia nichague kati ya kutembea na sindano. Nilichagua baiskeli kwa sababu nilidhani ni rahisi kuliko kutembea. Wiki hiyo hiyo mtu akanipeleka kwa Bibi Afya, na dhana hiyo ikaisha.

Kundi lake lilikuwa dogo. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa miguu mirefu aliyependa mbio. Kulikuwa na muuza mikate, ambaye kwake baiskeli ilikuwa kazi ya kila siku na Jumamosi alikuja kuipanda bila kreti, akisema anataka kujua inakuwaje mtu kupanda baiskeli nyepesi. Kulikuwa na wengine waliokuja wakapotea. Tulikutana alfajiri Ibadakuli, karibu na uzio wa uwanja wa ndege. Bibi Afya alifika amevaa suruali ya kitambaa kizito na khanga amejifunga kiunoni juu yake. Suruali, alisema, ni ya baiskeli. Khanga ni ya wazee tutakaokutana nao. Hakuwahi kuchelewa, na aliyechelewa alimkuta ameshaondoka.

Hamu yake ya njia ilianza na ajali. Muuza mikate alikuwa akitoka kusambaza mikate, kwenye lami, pembeni kabisa, alipoguswa na lori lililobeba mitambo. Dereva hakusimama, labda hakujua. Muuza mikate alivunjika nyonga na akalala hospitali muda mrefu. Hata leo akitembea anakwenda upande upande. Bibi Afya alikwenda kumtazama, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamuuliza kwa nini alikuwa kwenye lami.

"Sasa nipite wapi, mama? Angani?"

"Ipo njia nyingine?"

"Haipo."

"Ipo," alisema. "Ila hakuna aliyeiunganisha."

Tangu hapo ilikuwa kazi yake. Alitaka njia moja ya baiskeli kutoka Shinyanga hadi vilima vya Geita, ya changarawe na vijia vya ng'ombe, isiyogusa lami wala barabara ya malori mahali popote. Hakuitaka kwa ajili yetu wa Jumamosi. Aliitaka kwa ajili ya wauza maziwa, wauza kuku, wauza mikate, watu wanaobeba riziki kwenye keria na kupumua moshi wa malori kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafikiria. Vipande vilikuwepo tayari. Kijiji kina njia yake ya kwenda mnadani, kingine kina njia ya kwenda kisimani, ng'ombe wana njia zao. Kazi ilikuwa kuviunganisha.

Alivitafuta kama alivyokuwa akikagua. Njia yoyote aliyosikia habari zake aliipita kwanza peke yake, kwenda na kurudi, kwa sababu mlima unaopandika kutoka mashariki unaweza kuwa ukuta ukiujia kutoka magharibi. Kisha aliipita tena mvua zikishanyesha. Asiyeujua udongo mweusi wa mbuga zetu hawezi kuelewa kwa nini. Wakati wa kiangazi udongo huo ni mgumu kama sakafu na una nyufa zinazoweza kumeza tairi jembamba. Mvua ikinyesha unakuwa gundi. Unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na mpanda baiskeli anageuka mbeba baiskeli. Niliwahi kumwonyesha kijia kizuri upande wa Salawe, katikati ya mashamba ya pamba, nilichokuwa nimekichora kwa fahari. Alikitazama kwenye karatasi yangu, akauliza nilikipita mwezi gani. Nikamwambia wa nane.

"Basi umeona nusu," alisema. "Rudi wa pili, uje unieleze."

Nilirudi mwezi wa pili. Nilirudi nyumbani kwa miguu, baiskeli begani, na kiatu kimoja kilibaki huko.

Kwenye changarawe alikuwa na mafundisho yake, na aliyatoa akiwa mbele bila kugeuka, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusemesha mkutano wa kijiji. Usiibane hendeli kama unakamua ng'ombe. Legeza viwiko. Breki ya mbele iache mpaka uwe umesimama wima. Fuata mstari uliolainishwa na pikipiki, si katikati ambako mawe yamekusanyika. Watu wengine hufurahi greda likipita kusawazisha barabara, yeye alilalamika. Greda linaacha kokoto zimelala juu juu kama mahindi yaliyoanikwa, na mteremkoni unaweza kuanguka kabla hujajua umeteleza. Barabara ikichongwa upya, tulisubiri pikipiki ziikanyage kwanza.

Hapa inabidi niseme ukweli kuhusu miteremko yake mwenyewe. Mwanamke huyu aliyetukataza kuvuka kijito bila kupima kina kwa fimbo, aliyechemsha maji ya kunywa hata ya chupa iliyonunuliwa dukani, alipofika juu ya kilima na kuona changarawe nyekundu inashuka mbele yake alikuwa anaachia. Hakushika breki. Khanga ilipepea, vumbi likasimama, na sisi tuliokuwa na miaka pungufu tulifika chini tukiwa tumekaza meno na kumkuta ameshakaa juu ya jiwe anakunywa maji yake yaliyochemshwa. Mwalimu alimwuliza siku moja kama haogopi.

"Naogopa sana."

"Mbona hushiki breki?"

"Nikishika naogopa kwa muda mrefu zaidi."

Alikuwa mchafu pia, kwa upande mmoja tu. Nyumba yake ungeweza kulamba sakafu. Baiskeli yake haikuoshwa. Cheni aliipaka mafuta kwa uangalifu, lakini fremu ilibaki na tope la kila wilaya, tabaka juu ya tabaka. Muuza mikate alimwambia kuwa kama baiskeli hiyo ingekuwa jiko la mama ntilie, angeshalifunga. Alijibu kwamba hakuna anayekula kwenye baiskeli.

Adabu yake njiani ilinifundisha zaidi ya yote. Vijijini kwetu, mtu anayepita kasi bila kusalimu ni mtu mwenye sababu ya kukimbia. Mwalimu alilijua hilo, naye ni Msukuma kama mimi, ila kofia ngumu na miwani myeusi vilimsahaulisha. Siku moja, upande wa Salawe, alitangulia mbele yetu, akapita katikati ya kijiji kimoja kama upepo. Mama mmoja akapiga yowe. Tulipofika, sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa wameshamzunguka, wazee kwa vijana, wenye fimbo na filimbi, naye amekaa chini, kofia mikononi.

"Mnatoka wapi?" mkubwa wao alituuliza.

"Shinyanga," nikasema.

"Mnakwenda wapi?"

"Tunarudi Shinyanga."

Wakatazamana. "Mmebeba nini?"

"Hatujabeba kitu."

"Mtu anatoka Shinyanga, anapita hapa anakimbia, anarudi Shinyanga, hana mzigo, hana ndugu huku, hanunui wala hauzi." Alikuwa akiwaeleza wenzake, si mimi. "Halafu mnaniambia huyu si mwizi wa ng'ombe. Huyu anaangalia zizi liko wapi."

Nilianza kueleza habari za sukari na mazoezi. Nilisikika kama mwongo hata masikioni mwangu. Bibi Afya alikuwa amekwisha kushuka, ameegemeza baiskeli kwenye ua wa mnyaa, amekunja magoti kidogo na kuwaamkia wazee mmoja mmoja, mwangaluka, bila haraka, akiuliza habari za mvua, za watoto, za mifugo. Kikongwe mmoja akamkodolea macho.

"Huyu namjua. Huyu ndiye alituchimbisha vyoo."

"Mlichimba?" Bibi Afya akamuuliza.

"Tulichimba. Ulitusumbua sana wewe."

"Cha kwako bado kipo?"

"Kimejaa. Tumechimba kingine."

Wazee wakacheka, na Mwalimu akaruhusiwa kusimama. Kabla hatujaondoka mkubwa wa sungusungu alimwambia Bibi Afya kwamba anaweza kupita na watu wake wakati wowote, ila yule mrefu apite akisukuma. Kwa mwaka mzima Mwalimu aliposogea mbele, muuza mikate alimwimbia kutoka nyuma: "Mrefu asukume, mrefu asukume."

Tangu siku hiyo nilielewa kuwa kila kipande cha ile njia yake kina wenyewe, na kwamba alikuwa akivipata kwa salamu. Ramani yangu ilionyesha mistari. Yeye alijua ni nani anaishi kwenye mstari, amefiwa lini, ana mbwa gani. Hakuidharau ramani. Nilipomthibitishia kwamba kijia alichokitetea kwa miezi kilikuwa kirefu kuliko nilichokipendekeza mimi, alikipita na mita ya baiskeli kwenye gurudumu, akarudi, akasema, "Baba Kulwa, umenishinda," na akabadili njia.

Wachimbaji ndio waliomsumbua. Karibu na Rwamgasa ardhi haitulii. Kijia ulichopita mwezi uliopita unakikuta kimeishia kwenye mdomo wa duara, shimo la dhahabu lililochimbwa wima, limezungushiwa magogo, na kamba inaning'inia gizani. Makarasha yanasaga mawe na vumbi lake jeupe limefunika majani. Wachimbaji wanatoka kila mahali, Tabora, Mara, Kigoma, na hawakumjua Bibi Afya kwa vyoo wala kwa kitu kingine. Mara ya kwanza tulipofika pale na baiskeli zetu walitushangilia kama wachekeshaji.

"Bibi, hapa chini kuna dhahabu, wewe unatafuta barabara?"

"Dhahabu nimewaachia nyie. Mimi niachieni upana wa tairi."

"Upana wa tairi tu?"

"Na choo. Nani kati yenu anajua choo kiko wapi?"

Choo hakikuwepo. Alirudi mara kadhaa. Sijui alizungumza nini nao, lakini safari moja tulikuta vipande vya mifuko ya salfeti vimefungwa kwenye vijiti kandokando ya mashimo, na katikati yake kijia, chembamba, kimepinda kama utumbo, lakini kinapitika. Mchimbaji mmoja kijana, Mwislamu aliyekuwa ametandika mkeka wake tayari kuswali, alitunyooshea mkono kuonyesha tupite kulia. Choo kilikuwa kimeanza pia, futi chache, kimeachwa. Bibi Afya alikitazama, akatikisa kichwa, akapita.

Hivyo njia ikakamilika, isipokuwa mahali pamoja.

Ukipita Salawe na kuingia upande wa Nyang'hwale, vilima vinaanza kupandana. Kuna viwili virefu vyenye pengo kati yao, na pengoni humo ndimo ng'ombe walikuwa wakipita tangu zamani. Mpanda baiskeli akikosa pengo lile hana budi kushuka na kuzunguka kilima kwa barabara ya malori yaendayo migodini. Ni nyembamba, ina kona zisizoonekana, na vumbi likinyanyuka dereva haoni kitu mpaka amekifikia. Muuza mikate alipoiona mara moja tu alisema hapiti hapo hata kwa kulipwa, na sote tulijua anasema kwa nyonga yake. Bila pengo lile, njia nzima ilikuwa inamtoa mtu kwenye lami ya mjini na kumkabidhi kwa malori ya milimani.

Pengo lilikuwa ndani ya boma la mzee mmoja. Upande wa mashariki boma lake lilikuwa wazi, ila upande wa magharibi, unaoshukia Geita, alikuwa ameziba kwa matawi ya miiba. Ng'ombe wake aliwatoa na kuwaingiza kwa mlango wa mashariki. Nilikwenda kwake mara mbili, peke yangu, na zawadi ya dawa ya kupe. Alipokea dawa, akanipa maziwa, akaniuliza ni nani anayeitafuta hiyo njia. Nilipomtaja, alinirudishia dawa.

Nilimwambia Bibi Afya. Tulikuwa Ibadakuli, tunajaza matairi. Hakuonyesha kushangaa.

"Nilijua ni kwake," alisema.

Kisha akanieleza, akiwa ameshika pampu na bila kuacha kujaza upepo. Mwaka mmoja kipindupindu kiliingia vijiji vile. Yeye alipelekwa huko kusimamia kambi ya wagonjwa. Mama yake yule mzee aliletwa kambini, na akafia humo. Kwa kanuni ya siku zile maiti haikurudishwa nyumbani. Ilizikwa na watumishi, kwa glavu na dawa, na ndugu walisimama mbali. Lakini watu walikuwa wameshakusanyika kwa mzee, kama desturi ilivyo, wametoka vijiji vya mbali, ng'ombe ameshachinjwa, ugali uko motoni. Bibi Afya alikwenda pale na askari. Alisimama mlangoni mwa boma, akawarudisha waombolezaji. Aliingia jikoni, akamwaga chakula chini mbele ya wafiwa, akakinyunyizia dawa kisiokotwe hata na mbwa. Msiba ule haukuliwa. Mama wa mtu alizikwa na watu wasiomjua, na kwake hakuna aliyekula.

"Ulifanya sawa?" nilimuuliza.

"Kipindupindu kiliishia pale. Hakikuvuka kilima."

"Kwa hiyo ulifanya sawa."

Alichomoa pampu. "Baba Kulwa, usinisaidie."

Kwa muda mrefu baada ya hapo hakulitaja pengo, nasi hatukumwuliza. Mwalimu alipendekeza tupitishe njia kwenye barabara ya malori na kuandika onyo. Mwingine akasema tumwendee mtendaji wa kijiji amlazimishe mzee. Bibi Afya aliyakataa yote mawili. La pili alilikataa kwa ukali nisiouzoea. Alisema ameshawahi kuingia boma lile na serikali nyuma yake na hataingia hivyo tena. Nilidhani ndio mwisho. Nilichora ramani nikaacha nafasi pale, na nilikuwa nimeanza kuizoea.

Kiangazi kilichopita alinipigia simu akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi ya kwenda naye mbali, sisi wawili tu. Alikuwa amedhoofika kidogo. Kwenye mwinuko alishuka na kusukuma mahali ambapo zamani angepanda, na hakuona haya. Nyuma ya keria alifunga unga, nyama iliyofungwa kwa majani ya mgomba, chumvi, na sufuria. Nilidhani tunakwenda kupika njiani.

Tulifika kwa mzee jua likiwa juu. Alikuwa kivulini anasokota kamba ya mkonge. Aliponitambua aliitikia salamu. Alipomtambua Bibi Afya aliacha kusokota. Walizungumza Kisukuma, nami nayaandika kwa Kiswahili kadiri niwezavyo.

Bibi Afya hakukaribia kiti. Alikaa chini, kwenye udongo, kama wanavyokaa wanawake msibani, akanyoosha miguu na kujifunika khanga kichwani.

"Nimekuja msibani," alisema.

Mzee aliiweka kamba chini. Kuku alipita kati yao. Wake wa wanawe wawili walitoka jikoni wakasimama mlangoni.

"Msiba gani?"

"Wa mama."

"Umechelewa."

"Nimechelewa."

"Ulikuwepo siku ile. Hukuja msibani, ulikuja kuufukuza."

"Ndiyo. Ningekuja leo na ugonjwa ule upo, ningeufukuza msiba tena." Alisema bila kupandisha sauti. "Lakini hakuna aliyekula kwa ajili yake. Nimeleta chakula. Kama utakikataa nitakirudisha, sitasema neno."

Nilitamani asingesema lile neno la kufukuza tena. Mzee aliinamisha kichwa, akaichukua kamba yake, akaiweka tena. Nilidhani anatafuta maneno ya kutufukuzia. Alipozungumza, hakuzungumzia chakula.

"Wewe ulikuwa ndani kule kambini."

"Nilikuwa ndani."

"Sisi tulisimama kwenye kamba. Hatukuona kitu. Nimekuwa nikijiuliza miaka yote hii alisema nini. Hakuna aliyeniambia. Nilimuuliza muuguzi mmoja kijana wa kambini, akasema hajui."

Hapo nilimtazama Bibi Afya, na nilielewa kwamba angeweza kumpa mzee yule neno lolote. Jina lake, baraka, salamu kwa ng'ombe. Hakuna ambaye angejua. Mzee alikuwa amejikunja mbele kidogo, kama mtu anayetega sikio kusikia gari la mbali.

"Hakusema kitu," Bibi Afya alisema. "Alikuwa ameishiwa nguvu. Alikuwa amenishika kidole hiki." Alikinyoosha. "Nilikuwa na wagonjwa wengine, nikajaribu kukitoa, akakaza. Nikakaa. Alikishika mpaka mwisho."

"Hakusema kitu."

"Hapana."

"Lakini ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo. Hakuwa peke yake."

Mzee alifuta uso kwa kiganja, mara moja, kama anafuta jasho. Kisha akasema kitu kwa wale wanawake, kwa ufupi, na mmoja wao akaja kupokea unga na nyama. Bibi Afya aliinuka kuwafuata jikoni. Nilibaki na mzee. Aliniuliza bei ya dawa ya kupe. Nikamwambia nitamletea.

Chakula kilipoiva, tulinawa, tukala, wanaume upande wetu na wanawake upande wao. Hakuna aliyetoa hotuba. Mzee alimega tonge la kwanza, akalishika kidogo kabla ya kulitia mdomoni, na baada ya hapo alikula sana, kuliko sisi sote. Bibi Afya alisafisha vyombo pamoja na wanawake, na nikamsikia akiuliza maji ya kunawia yanatoka wapi na kama kisima kimefunikwa.

Jua lilipoanza kupinda alikuja kuaga. Hakulitaja pengo wala kulionyesha kwa kidole. Alimwambia mzee asante, mzee akamwitikia, naye akaigeuza baiskeli kuelekea mashariki, tulikotoka. Nami nikaigeuza yangu. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vilima vya kurudi navyo.

"Huko mnaenda wapi?" mzee aliuliza.

"Kurudi," nilisema.

"Geita si huku?"

Bibi Afya alisimama. Mzee alikuwa ameshainuka. Alitembea taratibu hadi upande wa magharibi wa boma, akainama, akashika tawi la kwanza la miiba kwa mikono mitupu, akaanza kulivuta. Lilikuwa kavu na zito na liliburuta mengine. Niliegemeza baiskeli yangu nikaenda kumsaidia. Bibi Afya alinizuia kwa mkono kifuani.

"Mwache," alisema. "Aliyaweka yeye."

Tukasimama na baiskeli zetu, tukasubiri.